Kidole cha Nne na Sauti ya Tabita

Juzi mjukuu wangu alinijia amenyoosha mkono wa kulia kama anayetaka nimsomee bahati. "Bibi," akasema, "hiki kidole cha pete hakinitii. Nikikiambia kipande, kinapanda na jirani yake." Nilicheka mpaka miwani ikanidondoka. Zaidi ya miaka arobaini nimefundisha kinanda na piano, makanisani na vyuoni, Iringa na Mbeya, na sijapata mwanafunzi ambaye hakuniletea shitaka hilohilo. Wenye vidole vifupi wamelileta, na wenye vidole virefu wamelileta kwa machozi zaidi. Hata mimi nililipeleka kwa mwalimu wangu, naye alinijibu kwa kunionyesha mkono wake. Basi leo nawaandikia ninyi mnaopiga kibodi zenye kitufe cha kuongeza sauti. Kuna taabu mmeponea, na kuna kitu mmekikosa.

Nianze na mambo ya kutumia, maana najua hamna subira na hadithi za wazee. Kateni kucha. Msiniletee kucha za harusi kwenye piano, zitagonga kama kuku anayedonoa bati. Halafu baridi. Mbeya mwezi wa sita na wa saba mkono hukauka, na mkono wa baridi haupigi muziki, unapiga mbao. Mimi nilikuwa nachemsha viazi mviringo viwili, navifunga kwenye kitambaa kizito, kimoja kila mfuko wa sweta, natembea kutoka nyumbani Ilomba hadi mjini nimevishika viganjani. Nikifika vidole vimelainika. Nikimaliza mazoezi navila kwa chumvi. Nimewafundisha wengi dawa hiyo, na wavivu wote walikuwa wanavila njiani.

Na ukitoka shambani, usikimbilie piano. Jembe linafundisha vidole vyote kushika pamoja na kukaza, piano inataka kila kimoja kijitegemee. Ning'iniza mikono kwanza, itikise, iache isahau mpini. Mimi ni mtoto wa wakulima, jambo hili sikulisoma kitabuni.

Sasa niwaambie siku niliyokutana na piano kwa mara ya kwanza, mnicheke vizuri.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza masomo Iringa, nimerudi kwetu na kupangiwa kufundisha watoto wadogo katika shule moja pale Mbeya. Karibu na shule kulikuwa na ukumbi, na ndani ya ukumbi piano nyeusi iliyoachwa na Wazungu fulani waliohama. Aliyeutunza ukumbi ule alikuwa mzee mmoja wa Kinyakyusa, Mzee Ambakisye. Alikuwa akiifuta piano ile kila asubuhi lakini hajawahi kuisikia. Nilipomwambia kwamba mimi ni mpiga kinanda niliyefunzwa, alivuta kiti akakaa mbele yangu na kofia mapajani, kama yuko ibadani.

Nami nilikuwa nimefunzwa kweli, ila kwa kinanda cha mvukuto. Kinanda kile unakanyaga pedeli mbili kwa zamu, kushoto, kulia, ndipo upepo unapita na sauti inatoka. Ukiacha kukanyaga, wimbo unakufa. Basi nikakaa, nikaweka vidole, nikaanza kukanyaga pedeli za piano kwa nguvu zangu zote. Sauti zikachanganyikana zote, hujui ipi inaanza na ipi inaisha. Nikadhani upepo hautoshi, nikaongeza mwendo. Jasho likanitoka.

Mzee Ambakisye alivumilia, mwisho akashindwa. "Dada mwalimu," akasema, "ugwe, wewe, hiyo siyo cherehani!"

Niliacha kukanyaga, na ajabu, wimbo haukufa. Nikaupiga tena polepole, miguu imetulia. Ulikuwa wimbo ninaoujua kuliko jina langu. Lakini nilipofika mwisho, wimbo wenyewe sikuusikia. Nilisikia sauti ya pili ikibweka, na besi ikinguruma, lakini sauti ya kwanza, ile ambayo watu wote huibeba midomoni wakienda nyumbani, haikuwepo.

Mzee Ambakisye hakujua noti hata moja, lakini masikio alikuwa nayo. "Ni nzuri," akasema, "ila naona huyo anayeimba juu ni mgonjwa."

Huyo mgonjwa alikuwa kidole changu cha nne. Kinanda cha mvukuto kina huruma: ubonyeze kwa dole gumba au kwa kidole kidhaifu, upepo unatoa sauti ileile. Kwa miaka mitano nilikuwa nabembea juu ya huruma hiyo bila kujua. Piano ni nyundo inayogonga waya. Kidole kikigusa kwa woga, waya nao unajibu kwa woga. Na katika nyimbo za sauti nne, sauti ya kwanza iko pembeni kabisa kulia, kwenye vidole viwili vilivyo dhaifu kuliko vyote, na dole gumba, lile dume la mkono, limepewa sauti ya pili. Nani alipanga hivyo sijui, lakini hakuwahi kupiga piano na mkono uliotoka kulima.

Hapo ndipo lazima niwarudishe Kihesa, kule Iringa, la sivyo hamtaelewa kwa nini nililia siku ile, mtu mzima, mbele ya mzee wa watu.

Nilipopelekwa Iringa kusoma nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, nisiyejua Kihehe wala Kibena, na Kiswahili changu cha kuokoteza. Jioni nilikuwa nakwenda kanisani Kihesa kusikiliza kinanda, kwa sababu kinanda hakikuniuliza natoka wapi. Aliyekuwa akifundisha pale ni Mwalimu Zakaria, Mbena mrefu, mpole, mwenye koti moja. Siku ya kwanza alinikuta nimesimama mlangoni.

"Kamwene," akanisalimu.

Sikujua kuitikia. Nikapiga magoti kama kwetu, nikasema, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unataka kusikia au unataka kupiga?"

"Kupiga."

"Lete vidole nione."

Nikanyoosha mkono. Yeye naye akanyoosha wake kando ya wangu, na hapo nikaona kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Cha pete na cha mwisho vilikuwa vimekatwa na msumeno, ujanani, katika kiwanda cha mbao ambako bado alifanya kazi mchana. Nilishtuka nikarudisha mkono wangu nyuma. Akacheka. "Usiogope," akasema, "haiambukizi."

Mwalimu Zakaria alikuwa ametunga wimbo mmoja wa jioni, ndio ule niliompigia Mzee Ambakisye, mmoja tu maishani mwake, ameuandika kwa toniki solfa, zile herufi za do, re, mi, kwenye daftari la shule. Aliutunga akiwa kijana, vidole vikiwa kumi, alipokuwa akimchumbia mkewe, Tabita. Msumeno ulipochukua vidole viwili, ulichukua vilevile vya sauti ya kwanza. Alibaki na uwezo wa kupiga sauti ya pili, ya tatu na besi, lakini kule juu mkono haukufika tena. Basi Tabita akawa anaimba mwenyewe. Yeye anapiga sauti tatu, mkewe anasimama nyuma yake na kuimba ya kwanza, na wimbo unatimia. Waliishi hivyo miaka mingi, wazee wa Kihesa waliniambia ilikuwa raha kuwasikia. Mimi sikumkuta Tabita. Alifariki mwaka mmoja kabla sijafika.

Ndiyo maana alinipokea haraka vile, msichana wa kabila jingine, bila kuniuliza hata jina la baba yangu. Alikuwa na wimbo usio na paa. Nilipoweza kuupiga sauti zote nne kwenye kinanda kile, alisimama dirishani amenipa mgongo mpaka nikafunga kifuniko. Kuanzia siku hiyo alinipigisha wimbo ule mara moja kila Jumamosi, mara moja tu, kisha tunaendelea na mazoezi.

Alikuwa mwalimu mkali kwa njia ya utani. Nikikosea alikuwa haniambii nimekosea, alikuwa ananiambia, "Sekela, huyo uliyemleta hapo simjui." Nikiharakisha, "Basi limekuacha?" Nikikaza mabega alikuwa ananiwekea punje ya harage kila bega, zikidondoka naziokota mimi. Nimefundisha kwa maharage yale maisha yangu yote, na bado nayaamini kuliko kitabu chochote.

Sasa mnaona. Nilipopata kazi Mbeya na kusikia kwamba kuna piano, kabla hata sijaigusa, nilimwandikia kwa majivuno: Mwalimu, nimepata chombo kikubwa kuliko chetu. Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa, na nalikumbuka karibu lote. Aliniandikia kwamba masikio yake yanafunga. Msumeno wa kiwandani ulianza na vidole, sasa unamalizia masikio. Kinanda cha Kihesa amebaki akisikia upepo tu. Besi anaisikia kifuani, lakini sauti ya kwanza haisikii tena, hata aliyechukua nafasi yangu akipiga vizuri. "Hicho chombo chako kinagonga waya," aliandika. "Huenda huko nitamsikia. Tukimaliza kuvuna nitakuja Mbeya, nikiwa bado nina sikio moja. Umwandae."

Hakuandika "uuandae". Aliandika "umwandae". Nami ndipo nilikuwa nimetoka kugundua kwamba mikononi mwangu mtu huyo ni mgonjwa. Nilikuwa na miezi mitano.

Nikafanya ujinga ambao nawaomba msiufanye. Kwetu mbuzi mkaidi anayeburuta wenzake hufungwa mguu kwa kamba mpaka azoee kukaa peke yake. Nikasema, kidole cha kati ndicho kinachomburuta mwenzake. Nikachukua kamba ya gome la mti, nikakifunga kidole cha kati juu ya kipande cha ubao ili cha nne kilazimike kupanda chenyewe. Siku ya kwanza kiliuma, nikajisifu kwamba dawa inaingia. Siku ya pili kiliuma hadi kwenye kiwiko, nikajisifu zaidi. Nilikuwa napiga juu ya meza ya kulia chakula, moja mbili, moja mbili, nikikiinua kidole juu kama jogoo anayewika. Siku ya tano niliamka mkono umevimba, vidole viwili havikunjiki. Hata chaki nilishika kwa mkono wa kushoto, watoto wakacheka herufi zangu.

Zaidi ya mwezi sikupiga noti. Nilikuwa napita mbele ya ukumbi nikimkwepa Mzee Ambakisye. Barua nyingine ilikuja kutoka Iringa ikiuliza maendeleo, nikajibu, "Anaendelea vizuri." Nilimdanganya mtu aliyenifundisha.

Aliyeniponya hakujua piano ni kitu gani. Ni mama yangu. Siku moja pale Ilomba alikuwa anapeta ulezi uani, akaniita nimsaidie. Nikashika ungo kwa vidole vyangu vilivyovimba, nikaanza kuurusha. Ulezi ukamwagika nusu, makapi yakabaki.

"Gwe Sekela," mama akasema, "hii mkono yako imefanya nini?"

"Vidole havina nguvu, mama."

"Na nani amekuambia vidole ndio inapeta? Tangu lini?" Akaninyang'anya ungo. "Angalia. Kidole inashika tu. Inayopeta ni huku." Akagusa kiwiko chake. "Ukitaka mzigo iende upande ule, unapeleka mkono upande ule, kidole inafuata. Wewe unakamua ungo kama unamkamua ng'ombe."

Nikamwangalia. Ungo ulikuwa unainama kidogo kulia, kidogo kushoto, makapi yanaruka, na vidole vyake vimelala ukingoni bila jasho. Alikuwa na mkono wenye umri wa miaka hamsini, umechoka, una mishipa, na ulikuwa unafanya kitu nilichokuwa nakitafuta kwa kamba na ubao. Nikaomba ungo tena. Nikapeta ulezi wote, na wa jirani.

Hiyo ndiyo siri, wajukuu zangu, na wengi wamelipa walimu wakubwa kuambiwa hivyohivyo. Kidole cha nne si kivivu. Kimeumbwa kimefungwa na ndugu zake, na hakitajitenga hata ukikipiga viboko. Usikiinue. Kipelekee mkono. Unapofika zamu yake, uzito wa mkono wote uuhamishe nyuma yake, kifundo cha mkono kikiwa kimelegea, kama ungo unavyoinama upande mmoja, na dole gumba uliambie linong'one. Mwanzoni utajiona unayumbayumba kama mlevi. Baadaye mwendo unapungua mpaka hauonekani, unabaki ndani. Na ikiuma, acha. Mazoezi yanachosha, hayaumi. Anayekuambia maumivu ni dalili ya maendeleo, mwambie Bibi Sekela aliwahi kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto.

Nilibaki na miezi mitatu. Viazi mfukoni kila asubuhi kabla ya shule, na Mzee Ambakisye na kofia yake. Nilikuwa napiga sauti ya kwanza na ya pili tu, mkono wa kulia peke yake, polepole hata mimi mwenyewe nikapata usingizi. Siku moja yule mzee alikuwa anafagia nyuma ya ukumbi, akasimama. "Ndaga," akanishukuru. "Leo mgonjwa amekula."

Mwalimu Zakaria alifika kwa basi, safari ya siku nzima, koti lilelile limekuwa jekundu kwa vumbi. Alikuwa amekonda. Nilipomsalimia aliangalia midomo yangu. Nikapiga kelele, "Kamwene, Mwalimu!" akacheka kwa furaha, nadhani kwa sababu hatimaye nilimrudishia salamu yake. Nyumbani mama alimpa uji wa ulezi, wakaongea kwa ishara kama watu waliojuana zamani.

Kesho yake mchana tukaenda ukumbini. Nilimwekea kiti karibu kabisa na piano, upande wa sikio lake jema. Nikapiga ubeti wa kwanza. Nilipomwangalia akatikisa kichwa taratibu. "Besi nasikia," akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Ya tatu nasikia." Akatazama chini. Sijawahi kuona uso ukijaribu vile kuficha jambo.

Nikaondoa mikono. Nikaining'iniza, nikaitikisa. Nikapumua. Nikaanza tena, zile sauti tatu nikazishusha mpaka karibu na kimya, na kila kidole cha nne kilipofika zamu nikaupeleka mkono wangu wote nyuma yake, na shamba lote la baba yangu, na ungo wa mama yangu. Mstari wa pili ulipopanda, Mwalimu aliinua ule mkono wake wa vidole vitatu, akaonyesha upande wa kulia wa piano, pale mwisho.

"Huyo," akasema.

Nikaendelea. Aliuacha mkono wake pale juu, hakuushusha mpaka ubeti ukaisha. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyafuta. Mzee Ambakisye alikuwa amesimama mlangoni na ufagio.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimefurahi kuliko siku yoyote, nataka kuonyesha kila kitu. Ubeti wa pili ndio niliokuwa nimeuandaa zaidi. Nikamsogelea sikioni, nikasema, "Nirudie, Mwalimu?"

"Hapana, mwanangu."

"Mara moja tu! Wa pili ni mzuri kuliko huu."

"Sekela," akasema, "siku aliyokufa nilikuwa kiwandani. Nilirudi nikakuta watu wamejaa uani. Hakuniaga." Akasimama, akavaa kofia yake. "Leo ameniaga. Funga chombo chako."

Nilikasirika, sitawaficha. Miezi mitano, mkono umevimba, na yeye amesikiliza ubeti mmoja! Nilimsindikiza kwenye basi asubuhi yake nikiwa nimenuna, na sikumwona tena. Daftari la toniki solfa alinipa dirishani, basi likiwa limeanza kuondoka. Ninalo. Nina hamu na mtu yule hata sasa, utani wake, maharage yake, zile Jumamosi za Kihesa ambapo nilipiga mara moja tu na sikuelewa kwa nini.

Babu yenu, mume wangu, alifariki, huu ni mwaka wa tatu sasa. Yule mjukuu wangu mwenye kidole kikaidi ana sauti yake aliyoirekodi kwenye simu, dakika nzima, babu anatania kuhusu mbuzi wa jirani. Kila akija ananiuliza, "Bibi, nikuwekee?" Ananipenda, anadhani nitafurahi. Namshika mkono, namwambia twende kwenye piano kwanza, tuangalie hicho kidole. Nitamwambia aniwekee, lakini bado. Sijawa tayari kuagwa.